Asilimia za dodoso na uwezekano wa matukio huru: lini uzidishe, lini uache

Kikokotoo · #1

Wakuu, swali hili halikauki: "Utafiti unaonyesha asilimia 62 ya watu wazima wanatumia intaneti kila siku. Tukichagua watu 3 kwa nasibu, kuna uwezekano gani wote watatu wawe watumiaji?" Naweka hatua zote hapa ili anayetafuta azikute sehemu moja. Namba ni za mfano tu.

Geuza asilimia iwe desimali kabla ya kitu kingine chochote. 62% inakuwa 0.62. Anayezidisha 62 × 62 × 62 anapata 238,328, kisha anabaki kubahatisha nukta iende wapi. Baada ya hapo tafuta kijalizo: 1 − 0.62 = 0.38, yaani uwezekano wa mtu mmoja *kutotumia* intaneti kila siku. Ukishakuwa na hizo mbili, 0.62 na 0.38, huhitaji namba nyingine.

Wote watatu: 0.62 × 0.62 × 0.62 = 0.238328, karibu 23.8%.

Hakuna hata mmoja: 0.38 × 0.38 × 0.38 = 0.054872, karibu 5.5%.

Angalau mmoja: usianze kuhesabu mmoja, wawili, watatu. Toa "hakuna hata mmoja" kwenye 1. 1 − 0.054872 = 0.945128.

Wawili kamili: hapa ndipo wengi wanapopoteza alama. 0.62 × 0.62 × 0.38 = 0.146072 ni uwezekano wa *mpangilio mmoja*: wa kwanza ndiyo, wa pili ndiyo, wa tatu hapana. Lakini huyo "hapana" angeweza kuwa wa kwanza au wa pili. Mipangilio ni mitatu, kwa hiyo 3 × 0.146072 = 0.438216.

Mmoja kamili: 3 × 0.62 × 0.38 × 0.38 = 0.268584.

Sasa jumlisha sifuri, mmoja, wawili na watatu: 0.054872 + 0.268584 + 0.438216 + 0.238328 = 1.000000. Jumla ikikataa kuwa 1, kuna mpangilio umeusahau au umekadiria namba mapema mno. Huu ukaguzi haukuchukui hata dakika, na unanasa karibu makosa yote ya hesabu yenyewe.

---

Mdodosi · #2

Hesabu ni safi mkuu, ila kuna neno umelipita haraka: "kwa nasibu". Lile ndilo linalokupa ruhusa ya kuzidisha. Asilimia 62 peke yake haisemi lolote kuhusu uhuru wa matukio. Inakupa p tu, yaani uwezekano wa mtu mmoja kuwa ndiyo. Uhuru unatoka kwenye *namna watu walivyochaguliwa*, na hiyo huwezi kuisoma kwenye asilimia hata uikodolee macho.

Matukio mawili ni huru pale ambapo kujua jibu la mmoja hakubadilishi uwezekano wa mwingine. Chukua watu watatu wasiojuana, kila mmoja kachaguliwa peke yake kutoka umma mkubwa: zidisha bila wasiwasi. Chukua mume, mke na mtoto wao wa nyumba moja: wanatumia mtandao mmoja, kifurushi kimoja, tabia zinafanana. Ukijua mmoja yumo, uwezekano wa wengine unapanda. 0.238 haiwahusu hao, na jibu lao halisi huenda likawa kubwa zaidi.

Halafu kuna suala la kuchagua bila kurudisha. Tuseme una orodha ya watu 50, na 31 kati yao (62%) walijibu ndiyo. Ukichomoa majina 3 kwenye orodha hiyohiyo, la kwanza lina 31/50, la pili 30/49, la tatu 29/48:

31 × 30 × 29 = 26,970
50 × 49 × 48 = 117,600
26,970 ÷ 117,600 = 0.2293

Linganisha na 0.2383 ya kuzidisha moja kwa moja. Tofauti ndogo, lakini ipo, na kwenye mtihani wanaitafuta. Orodha ikiwa ya watu 1,000 wenye 620 wa ndiyo, jibu ni 0.2379, na hapo hakuna anayejali. Kanuni inayotumika: idadi unayoichomoa ikiwa chini ya 10% ya kundi zima, unaweza kuichukulia kama huru. Wakali zaidi husema 5%.

Kwa hiyo swali likisema "kutoka kwa watu 50 *waliohojiwa*", punguza kila hatua. Likisema "kutoka kwa *umma* ambao asilimia 62 yao…", zidisha 0.62 ileile.

---

NusuDesimali · #3

Naomba msaada hapohapo. Nina ripoti yenye grafu mbili. Ya kwanza: 70% hufanya mazoezi kila wiki. Ya pili: 60% hulala saa 7 au zaidi. Nikiandika kwamba 42% wanafanya yote mawili (0.70 × 0.60) nitakuwa sahihi?

---

Mdodosi · #4

Hapana, isipokuwa una ushahidi kwamba mazoezi na usingizi havihusiani kwa watu hao. Na kwa uzoefu wa mada zenyewe, tabia za afya huwa zinatembea pamoja.

Tazama jinsi grafu mbili zinavyokuacha gizani. Waliofanya yote mawili hawawezi kuzidi 60%, kwa sababu wanaolala vya kutosha ni 60% tu. Na hawawezi kupungua 30%, kwa sababu 70 + 60 = 130, na hiyo 30 iliyozidi mia lazima iwe ya watu waliohesabiwa mara mbili. Ukweli uko popote kati ya 30% na 60%. 42% ni nukta moja tu ndani ya upana huo.

Kanuni yake kwa desimali: kima cha chini ni jumla ya asilimia mbili kutoa 1 (ikiwa hasi, weka sifuri), kima cha juu ni ile ndogo kati ya mbili. Ukiwa huna data zaidi, andika "kati ya 30% na 60%". Inaonekana jibu la mtu asiyejua, lakini ndilo pekee unaloweza kulitetea.

Ila ukibadilisha swali kidogo, 42% inakuwa halali: "Nachagua mtu A na mtu B kwa nasibu, kila mmoja kivyake. Kuna uwezekano gani A anafanya mazoezi *na* B analala vya kutosha?" Hao ni watu wawili tofauti. Zidisha. Shida yako ni kwamba maswali mawili yanamhusu *mtu yuleyule*.

---

BintiTakwimu · #5

Naongezea kwa NusuDesimali: usikubali kuishia kwenye grafu. Omba jedwali linalovusha swali moja kwa lingine, au kama una faili la majibu lijenge mwenyewe kwa PivotTable (jedwali la muhtasari la Excel): swali la kwanza kwenye safu mlalo, la pili kwenye safu wima, hesabu ya watu katikati.

Mfano wa wahojiwa 500. Waliosema ndiyo kwa swali A ni 200 (40%). Waliosema ndiyo kwa swali B ni 150 (30%). Kama A na B ni huru, tunatarajia wa ndiyo kwa yote mawili wawe 500 × 0.40 × 0.30 = 60. Unafungua jedwali unakuta 84.

Jaribio la haraka: gawanya kwa kila kundi. Kati ya 200 wa A, wa B ni 84, yaani 42%. Kati ya 300 wasio wa A, wa B ni 150 − 84 = 66, yaani 22%. Kama yangekuwa huru, pande zote mbili zingekuwa karibu na 30%. 42 dhidi ya 22 si huru.

Lakini sampuli haitoi 60 kamili hata pale ambapo matukio ni huru kabisa, kwa hiyo unahitaji kujua tofauti ya kiasi gani ni bahati tu. Hapo inaingia kai-mraba. Visanduku vinne, kila kimoja na idadi iliyoonekana na iliyotarajiwa:

A ndiyo, B ndiyo: 84, ilitarajiwa 60
A ndiyo, B hapana: 116, ilitarajiwa 140
A hapana, B ndiyo: 66, ilitarajiwa 90
A hapana, B hapana: 234, ilitarajiwa 210

Tofauti ni 24 kila mahali (kwenye jedwali la mbili kwa mbili huwa hivyo daima, ikitofautiana umekosea kutoa). Mraba wake 576. Gawa kwa kila iliyotarajiwa: 9.60 + 4.11 + 6.40 + 2.74 = 22.86 hivi. Kipimo cha kulinganisha kwa digrii 1 ya uhuru (ndiyo ya jedwali la mbili kwa mbili) katika kiwango cha 5% ni 3.841. 22.86 imekipita mbali sana, basi dai la uhuru halisimami.

Wangekuwa 63 badala ya 84, tofauti ingekuwa 3 na jumla ingetoka 0.36. Hapo huna sababu ya kukataa uhuru, na kuzidisha kwako hakutaleta madhara. Angalizo: "huna sababu ya kukataa" haimaanishi umethibitisha. Sampuli ya watu 40 itakubali karibu chochote.

Kila kisanduku kitarajiwe kuwa na watu 5 au zaidi, la sivyo hiki kipimo hakifai.

---

Kisanduku · #6

Wanaodhani hii ni falsafa ya darasani wasome kesi ya Collins, Mahakama ya Juu ya California, 1968. Mwendesha mashtaka alichukua sifa za wanandoa walioonekana karibu na tukio la wizi Los Angeles mwaka 1964, akaipa kila moja uwezekano: gari lenye rangi ya njano 1/10, mwanamume mwenye masharubu 1/4, msichana aliyefunga nywele mkia 1/10, msichana mwenye nywele za rangi ya dhahabu 1/3, mwanamume mweusi mwenye ndevu 1/10, wanandoa wa rangi tofauti ndani ya gari 1/1000. Akazidisha zote, akapata 1 kwa milioni 12, na baraza la wazee wa mahakama likamtia mtu hatiani.

Mahakama ya juu ilitengua hukumu. Kwanza, zile sehemu hazikutoka kwenye utafiti wowote. Pili, ndevu na masharubu si vitu huru: wenye ndevu wengi wana masharubu pia, kwa hiyo 1/4 × 1/10 inahesabu jambo moja karibu mara mbili. Tatu, hata kama ile 1 kwa milioni 12 ingekuwa sahihi, ni uwezekano wa wanandoa waliochaguliwa kwa nasibu kuwa na sifa hizo. Si uwezekano wa washtakiwa kutokuwa na hatia. Hayo ni maswali mawili mbalimbali.

Uingereza nako, kwenye kesi ya 1999 ya mama aliyepoteza watoto wachanga wawili, shahidi alichukua 1 kwa 8,543 ya kifo cha ghafla cha mtoto mmoja kwa familia ya aina hiyo, akaizidisha kwa yenyewe, ikawa 1 kwa milioni 73. Watoto wa nyumba moja wana wazazi wale wale, damu ile ile na mazingira yale yale, na kama kuna sababu ya kurithi, cha pili hakiko huru na cha kwanza. Royal Statistical Society, chama cha wanatakwimu cha Uingereza, ilitoa tamko la kuipinga hesabu hiyo mwaka 2001, na hukumu ilifutwa mwaka 2003.

---

MwalimuWaNne · #7

Yote kweli, lakini tusiwatishe wanafunzi. Swali la mtihani likisema "chukulia majibu yao ni huru" au "watu wamechaguliwa kwa nasibu kutoka umma mkubwa", zidisha uendelee. Mtunzi amekupa ruhusa kwa maandishi. Ukianza kuandika insha juu ya mume na mke hupati alama ya ziada.

Cha kufundisha ni maneno ya swali. "Wote" na "kila mmoja": zidisha. "Hakuna": zidisha vijalizo. "Angalau mmoja": 1 kutoa hakuna. "Kamili": idadi ya mipangilio mara uwezekano wa mpangilio mmoja. "Wasiozidi 2": sifuri + mmoja + wawili. "Zaidi ya 2" haijumuishi 2. Hilo la mwisho linaangusha watu kuliko fomula yoyote.

---

Mdodosi · #8

@MwalimuWaNne sina ugomvi na mtihani. Shida ni kwamba mtu anatoka darasani akiamini kuzidisha ndiyo maana ya neno "na". Si hivyo. Maana ya "na" ni: uwezekano wa A, mara uwezekano wa B *ukishajua A imetokea*. Uhuru ni ile hali ya pekee ambapo sehemu ya pili haibadiliki.

Na kuna wakati unazidisha asilimia mbili bila uhuru wowote na unakuwa sahihi. Ripoti inasema: "75% wana simu janja. Kati yao, 40% hulipia bidhaa kwa simu." 0.75 × 0.40 = 0.30, yaani 30% ya wahojiwa wote wana simu janja na hulipia nayo. Hapa ile 40% tayari imehesabiwa ndani ya wenye simu, na hatujadai uhuru popote. Neno "kati yao" linabeba mzigo wote.

Kosa la kinyume nalo lipo: mtu anaona "40% hulipia kwa simu", hasomi maandishi madogo chini ya grafu, anachagua watu 3 kutoka umma wote na kuandika 0.40³ = 0.064. Sahihi ni 0.30³ = 0.027. Amekuza jibu zaidi ya mara mbili kwa kutosoma mstari mmoja. Kila asilimia ina msingi wake, idadi ya watu waliogawanyiwa. Kabla hujagusa kikokotoo tafuta huo msingi: ni wahojiwa wote, waliojibu swali hilo tu, au waliopita swali la mchujo?

Waliosema "sijui" pia. 62% ya *waliojibu*, huku 8% wakiwa wameacha wazi, ni 0.62 × 0.92 = 57% hivi ya wahojiwa wote.

---

Rula30 · #9

Mimi naumizwa na desimali sita za #1. Hiyo 0.62 imetoka kwenye sampuli. Kama wahojiwa ni 1,000, kosa sanifu (kiasi ambacho asilimia ya sampuli huyumba kwa bahati tu) ni kipeo cha pili cha (0.62 × 0.38 ÷ 1000), yaani 0.0153. Zidisha kwa 1.96, unapata 0.030. Ndiyo ile "±3" inayoandikwa chini ya kura za maoni. Maana yake p inaweza kuwa 0.59 au 0.65 bila mtu kushangaa.

0.59³ = 0.205
0.65³ = 0.275

Kwa hiyo jibu lako si 0.238328. Ni "karibu 24%, kati ya 21% na 27% hivi". Na kosa linakua kadiri unavyozidisha. Chukua watu 10 wote kuwa ndiyo: 0.62¹⁰ = 0.0084, lakini kwa 0.59 ni 0.0051 na kwa 0.65 ni 0.0135. Kutoka chini hadi juu ni zaidi ya mara mbili na nusu. Njia ya mkato: gawa ±3 kwa 62, unapata karibu 5%, kisha zidisha kwa idadi ya watu. Watu 3, jibu linayumba kwa 15% ya lenyewe. Ikishafika watu 10 hiyo njia ya mkato inaanza kudanganya, tumia vipeo vyenyewe.

Sampuli ya 100 ni mbaya zaidi: ±9.5, na p³ inatoka 0.145 hadi 0.366. Hapo hata "karibu robo" ni kujiamini kupita kiasi.

---

Kikokotoo · #10

@Rula30 ni "kipeo kipasuo cha pili", sio kipeo cha pili, mtu asije akapiga mraba. Mengine yote sawa. Desimali sita ziliwekwa ili ukaguzi wa jumla ya 1 utoke safi. Beba desimali zote mpaka mwisho, kadiria kwenye jibu la mwisho tu. Theluthi moja ikiandikwa 0.33, mchemraba wake unakuwa 0.0359 badala ya 0.0370.

---

Rula30 · #11

Kipasuo, ndiyo: √0.0002356.

Na ile ±3 inahusu bahati ya kuchagua tu, haihusu sampuli iliyopinda. Jarida la Literary Digest mwaka 1936 lilipata majibu yapatayo milioni 2.4 na kutabiri Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais wa Marekani. Kwa fomula, kosa la sampuli ya ukubwa huo halionekani hata kwa darubini. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Orodha za watu zilitoka kwa kiasi kikubwa kwenye vitabu vya simu na usajili wa magari, na waliorudisha kadi hawakufanana na wasiorudisha.

---

BintiTakwimu · #12

Kuna mtego ambao haujatajwa na ni mbaya kuliko ±3: makundi yaliyofichwa ndani ya wastani.

Tuseme umma una nusu mbili sawa. Kwenye nusu ya kwanza 90% ni ndiyo, kwenye ya pili 34%. Wastani: (90 + 34) ÷ 2 = 62%. Ripoti inachapisha 62% tu.

Ukichagua watu 3, kila mmoja kivyake kutoka umma wote, jibu linabaki 0.238. Hakuna tatizo. Lakini ukichagua *kundi moja* kwa nasibu, kisha watu wote 3 kutoka humo (darasa moja, mtaa mmoja, ofisi moja), hesabu ni:

nusu × 0.90³ + nusu × 0.34³ = 0.5 × 0.729 + 0.5 × 0.0393 = 0.384

Asilimia 38 dhidi ya 24, kwa wastani uleule wa 62%. Na "hakuna hata mmoja" nako kunapanda: 0.5 × 0.001 + 0.5 × 0.2875 = 0.144, badala ya 0.055. Ncha zote mbili zinavimba, katikati kunanywea. Hiyo ndiyo alama ya majibu yanayotegemeana.

Watafiti wanaohoji watu kumikumi kwa kila eneo wanalipia jambo hili. Ukubwa halisi wa sampuli unagawanywa kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni watu kwa kila eneo na r ni kiwango cha kufanana kwao. Kwa m = 10 na r = 0.05 tu, kigawanyo ni 1.45, na wahojiwa 1,000 wanabaki na uzito wa 690. Basi ile ±3 inakuwa karibu ±3.6.

---

Mfereji · #13

Nauliza kwa swali la chaguo nyingi. Ridhika sana 25%, ridhika 45%, sijaridhika 20%, sijaridhika kabisa 10%. Watu wawili kwa nasibu, mmoja "ridhika sana" na mwingine "sijaridhika kabisa". Wengine wanapata 0.025, wengine 0.05. Ipi?

---

MwalimuWaNne · #14

0.05, kama swali halijataja nani awe wa kwanza. 0.25 × 0.10 = 0.025 ni "wa kwanza ridhika sana, wa pili sijaridhika kabisa". Kinyume chake nacho kinakubalika, kwa hiyo mara 2. Swali likisema "wa kwanza… na wa pili…", bakia na 0.025.

Wote wawili kutoa jibu moja, lolote lile: jumlisha miraba. 0.0625 + 0.2025 + 0.04 + 0.01 = 0.315. Majibu tofauti: 0.685.

Na usichanganye. Kwa *mtu mmoja*, "ridhika sana au ridhika" ni 25 + 45 = 70%, unajumlisha kwa sababu hawezi kuchagua yote mawili. Matukio yasiyoweza kutokea pamoja si matukio huru. Ni kinyume kabisa: ukijua amechagua moja, uwezekano wa lingine umeanguka hadi sifuri. Wanafunzi wengi huyaita yote mawili "yasiyohusiana" na hapo ndipo wanapopotea. Kama dodoso linaruhusu kuweka tiki zaidi ya moja (utaona asilimia zinazidi 100 zikijumlishwa), hata huko kujumlisha hakufai mpaka utoe waliochagua yote mawili.

---

NusuDesimali · #15

Jedwali nimeliomba. Swali lingine: watu 10, p = 0.62, nataka "angalau 4". Nikipanga mipangilio kwa mkono nitakesha.

---

Kikokotoo · #16

Usipange. Kwa Excel, LibreOffice au Google Sheets:

6 kamili kati ya 10: =BINOM.DIST(6,10,0.62,FALSE) → 0.2487
Wasiozidi 3: =BINOM.DIST(3,10,0.62,TRUE) → 0.0413
Angalau 4: =1-BINOM.DIST(3,10,0.62,TRUE) → 0.9587

Angalia hiyo 3. "Angalau 4" ni 1 kutoa "wasiozidi 3". Ukiweka 4 unapata 0.8652, ambayo ni uwezekano wa angalau 5, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuonya. FALSE ni idadi hiyo kamili, TRUE ni idadi hiyo na zote za chini yake. Fomula ikikataa kabisa, mpangilio wa lugha wa kompyuta yako huenda unataka nukta-mkato badala ya mkato: =BINOM.DIST(6;10;0,62;FALSE). Tazama desimali nayo inageuka.

Kwa kikokotoo cha mkononi, kitufe cha nCr kinakupa idadi ya mipangilio: 10 nCr 6 = 210. Kisha 210 × 0.62⁶ × 0.38⁴. Vipeo lazima vijumlike kuwa 10.

---

Mfereji · #17

Na ukigeuza: sifa inayopatikana kwa 4% ya watu, nihoji wangapi nipate angalau mmoja? Kuna anayesema 25 kwa sababu 25 × 4 = 100.

---

Rula30 · #18

Kwa watu 25: 1 − 0.96²⁵ = 0.64. Zaidi ya mara moja katika kila tatu utatoka mikono mitupu. 25 × 4% = 1 ni *wastani* wa idadi utakaowapata, sio uhakika wa kumpata mmoja.

Amua kwanza unataka uhakika kiasi gani. Kwa 95%, unataka 0.96 kwa kipeo cha n ishuke hadi 0.05 au chini. n = ln(0.05) ÷ ln(0.96) = 73.4, unapandisha: watu 74. Kila mara pandisha, usikadirie kwa kawaida, kwa sababu 73 inaacha 0.0508. Log ya msingi wowote inafaa mradi juu na chini zifanane.

Njia ya kichwani kwa 95%: gawa 3 kwa p. 3 ÷ 0.04 = 75. Inafanya kazi vizuri p ikiwa ndogo. Na hao 74 wawe wamechaguliwa kila mmoja kivyake. Ukiwatoa 74 wote kwenye eneo moja, rudi #12.